Maisha ya Mzee Nobert Maate, Mkalimani wa Kambi ya Matofali

Viongozi wa kanisa, majirani wa Kambi ya Matofali mliotoka Kasese alfajiri, wafanyabiashara wa Mpondwe mliofunga vibanda vyenu siku ya soko, ndugu na jamaa wa hapa Bwera, na wewe mzee Crispus, mdogo wake marehemu, uliyeketi mbele yetu: familia inawasomea sasa maisha ya mpendwa wetu, kwa utaratibu ambao yeye mwenyewe angeupenda, tukianza na mwanzo na kumaliza na mwisho.

Mzee Nobert Maate alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, katika vilima vya Kitholhu, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Yeremia Bwambale na marehemu mama Yunia Masika, ambao Mungu aliwajalia watoto wawili tu waliofikia utu uzima, yeye na Crispus, aliyemfuata kwa miaka minne. Walilala kitanda kimoja mpaka Nobert alipokwenda shule ya bweni, na mama yao alizoea kusimulia kwamba usiku ule wa kwanza Crispus alikataa kulala katikati ya kitanda, akajibana ukutani, akiacha nafasi ya kaka yake.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa karibu na nyumbani kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha sekondari mjini Fort Portal kuanzia 1970 hadi 1973, ambako walimu waligundua kwamba kijana huyu alisikia lugha mara moja na kuishika, kwa maana alitoka nyumbani na Lhukonzo peke yake, na alipomaliza alikuwa anazungumza Kiingereza, Kiswahili na Rutooro, na kusoma Luganda bila kusitasita. Mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, aliajiriwa na idara ya mahakama kama karani na mkalimani, akatumikia vituo mbalimbali vya magharibi, na tangu mwaka 1984 akawekwa Kasese, ambako alidumu hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2015, baada ya utumishi wa miaka thelathini na tisa.

Tarehe 5 Septemba 1981 alifunga ndoa na Kellen Biira, binti wa wakulima wa Karusandara, katika kanisa la kwao bibi harusi, na Mungu akawabariki watoto wanne, ambao ni Shallon, aliye muuguzi, na wadogo zake watatu mnaowaona wamesimama kandokando ya jeneza. Katika nyumba yao marehemu hakupandisha sauti, lakini pia hakukubali kushindwa kwa neno, na mama Kellen husema kwamba kugombana na mkalimani ni kazi ngumu, kwa sababu anakukumbusha ulichosema kama ulivyokisema.

Tunafika sasa mahali ambapo familia ingeweza kupita haraka, nasi tumekubaliana tusipite haraka. Mwezi Desemba 1998, wakati wa vita vya waasi, mama Yunia alizidiwa na ugonjwa, akapelekwa Kasese kwa gari la watu wema, na tarehe 8 ya mwezi huo akafariki mikononi mwa Nobert. Crispus wakati huo alikuwa amevuka mpaka na watoto wake, yuko upande wa Kasindi, nchini Kongo, na hakuna aliyejua kama yu hai. Barabara ya kuja Bwera haikuwa salama, kwa hiyo marehemu alimzika mama Kasese kesho yake, na Crispus alipofika, siku tatu baadaye, alikuta udongo umekwisha kukauka. Mbele ya watu, Nobert alimwambia neno moja tu, "Hukuwepo," na ndugu hao wawili hawakula tena chakula pamoja.

Vita vilipotulia, Crispus alipanda kahawa katika kiwanja cha urithi cha Nobert, hiki ambacho tumekusanyika juu yake leo, na mwaka 2002 Nobert akafungua shauri mahakamani. Alilishinda mwaka uliofuata, na alilishinda kwa haki, maana mipaka ilikuwa wazi na mashahidi walikuwa hai. Siku ya kusikilizwa, Crispus aliposimama alianza kueleza habari za maziko ya mama, na hakimu, kwa mujibu wa sheria, akamwelekeza aseme juu ya mpaka tu, naye Crispus akafunga mdomo na hakuongeza neno. Marehemu alimwambia mama Kellen jioni ile kwamba amerudi na hukumu mfukoni, na kwamba katika chumba kile watu wote walijua mipaka ya shamba, lakini ni yeye na mdogo wake tu waliojua kesi ilihusu nini. Kiwanja alikipata, lakini hakulala hapa hata usiku mmoja.

Kutokana na jambo hilo ndipo ilipozaliwa kazi ambayo wengi wenu mnamjua kwayo. Mwaka 2008 marehemu na jamaa nyingine kumi na nane walinunua kwa pamoja Kambi ya Matofali, zile safu nne za nyumba zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi, na kwa kuwa bei ya kugawa ilikuwa kubwa, walikubali hati moja ya ardhi kwa wote, bomba moja, mtaro mmoja, jukwaa moja la kufulia. Waliingia humo Wakonzo, Waacholi, Wakiga, na jamaa mbili kutoka Kenya, watu wa saruji na watu wa soko, wa makanisa mbalimbali, na kwa miaka mitano waliishi vizuri, mpaka mafuriko ya Mei 2013 yalipowapitia.

Baada ya mafuriko hayo, bwana Ahimbisibwe wa safu ya pili aliinua kizingiti cha zege mbele ya mlango wake, na tangu siku hiyo kila mvua iliponyesha maji yaliyokataliwa na Ahimbisibwe yaliingia kwa bwana Ojara, aliyekuwa akifanya kazi za zamu katika kiwanda cha saruji cha Hima. Ojara naye akauziba mtaro wa wote kwa saruji. Ahimbisibwe akamtafuta wakili, na wakili akaeleza kwamba njia iliyo safi ni kuiomba mahakama igawe hati, na ikishindikana kugawa, kambi yote iuzwe. Kwa hiyo jamaa kumi na tisa zilikuwa karibu kukosa makao kwa sababu ya kizingiti, na marehemu, aliyekuwa amestaafu kwa miezi miwili tu, aliomba wapewe nafasi ya kusuluhisha wenyewe kabla wakili hajafungua jalada.

Kikao cha kwanza kilifanyika Jumamosi tarehe 6 Juni 2015, nacho kilikuwa kosa, kosa ambalo mtu wa mahakama peke yake angeweza kulifanya kwa uangalifu kiasi kile. Aliweka meza na nyuma yake viti vitatu, akaweka Biblia ya kuapia na kengele ya kunyamazisha, akapanga mlalamikaji kulia na mlalamikiwa kushoto. Ahimbisibwe alikuja na tai na mashahidi, Ojara akaja na mashahidi wengi zaidi, na jioni ilipoingia, ugomvi uliokuwa wa nyumba mbili ulikuwa wa safu nne, hata watoto walichota maji kwa zamu za upande. Mama Lakica, mke wa Ojara, ndiye aliyemwambia ukweli, akiwa anaanua nguo. "Mzee Maate," alisema, "ile koti ya hakimu ya mjini tulikuwa tunalipa boda kwenda. Hii yako iko kwa mlango. Sasa tutapigana bila nauli."

Marehemu alicheka, akarudisha meza ndani, na kwa wiki kadhaa hakuitisha kikao chochote. Aliwaza juu ya kazi yake ya miaka thelathini na tisa, akaona kwamba katika mahakama nzima mtu pekee ambaye hakuwa na adui alikuwa mkalimani, na sababu yake ilikuwa ndogo, kwamba mkalimani hasemi "huyu anadai kuwa aliibiwa", bali husema "mimi niliibiwa", na dakika chache baadaye, akimsemea mshtakiwa, husema "mimi sikuiba", na akisema hivyo kwa uaminifu asubuhi hadi jioni, hawezi kumchukia yeyote kati yao. Akaamua kwamba katika Kambi ya Matofali kila mwenye ugomvi atakuwa mkalimani wa mwenzake. Kanuni alizozipendekeza zilikuwa chache: hakuna mtu atakayesema shauri lake kabla ya kulisema la mwenzake, kwa kusema "mimi" na kutaja jina la mwenzake; mwenye shauri ndiye peke yake atakayesema kama limesemwa sawa, na likiwa si sawa litarudiwa; wasuluhishi watakuwa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kutoka safu zisizohusika; watu wataketi wote upande mmoja, kwenye ukingo wa jukwaa la kufulia, wakitazama bomba badala ya kutazamana; na hakuna kuandika kitu.

Kikao cha pili kilipoitishwa, mwezi Julai, Ojara alipewa nafasi ya kwanza. Akasema, "Mimi Ahimbisibwe niko na kichwa ngumu, na saruji niliiba." Watu wakacheka mpaka wengine wakashika bomba wasianguke, na Ahimbisibwe akasema kwa utulivu, "Si hivyo. Rudia." Akarudia, ikawa si hivyo, akarudia tena, ikawa si hivyo, na mama Lakica akamnong'oneza mumewe kwa sauti iliyosikika na wote, "We mwanaume, ulikuwa hapa ile siku ya maji. Sema yenye uliona." Ojara akasema, "Mimi Ahimbisibwe, ile mafuriko nilibeba mama yangu kwa mgongo, maji iko kwa kifua, na yeye anasema niache. Tangu ile siku mvua ikigonga bati siwezi kulala. Nilijenga ile kitu ya mlango nipate kulala." Ahimbisibwe alikaa akitazama bomba, akasema, "Hiyo ndiyo." Ilipofika zamu yake, alimsema Ojara vizuri mara ya kwanza, zamu za usiku, godoro linalolowa mchana anapotaka kupumzika, aibu ya kuanika shuka mbele ya watu kama mtoto, na wiki iliyofuata mtaro mpya ulichimbwa nyuma ya safu zote mbili, Ojara akipima mteremko na Ahimbisibwe akibeba mawe. Wakili aliambiwa asante, na hati ya Kambi ya Matofali iko nzima hadi leo.

Marehemu alipenda hesabu zinazothibitika, kwa hiyo tunazitoa hapa kama alivyokuwa akizitoa kwa wageni waliokuja kujifunza: mpaka anaugua, baraza lilikuwa limesikiliza mashauri sitini na moja, arobaini na saba yakamalizika kwa kikao kimoja, kumi na moja kwa viwili, na matatu yalishindikana, nayo hayo matatu hakuchoka kuyataja. Tangu mwaka 2017 alimwachia mama Lakica uenyekiti, akisema kwamba anayejua kunong'oneza vizuri anafaa kuongoza kuliko anayejua kuhutubia. Ni mama Lakica huyohuyo aliyemuuliza, siku ya kukabidhiana kazi, mbele ya watu na soda mkononi, "Mwalimu, wote hapa tumesemewa. Na ndugu yako wa Bwera, nani amemsemea?" Mama Kellen anashuhudia kwamba marehemu hakula usiku huo.

Kuanzia hapo alikuja Bwera mara kwa mara. Mara ya kwanza alimkuta Crispus akipalilia, akamwomba waketi pamoja, kila mmoja aseme la mwenzake, na Crispus akamjibu bila kuacha jembe, akimwita kaka kwa lugha ya mpakani, "Yaya, ulisha kushinda. Mutu anashinda mara ngapi?" Mara ya pili alikuta mlango umefungwa na moshi unatoka jikoni. Hakulaumu, akarudi Kasese.

Mwaka 2018 mama Marlène, mfanyabiashara wa vitenge anayeishi na wenzake katika nyumba za kupanga karibu na forodha ya Mpondwe, alimwalika awafundishe utaratibu wa baraza, maana pale Waganda na Wakongomani walishirikiana ua mmoja na choo kimoja na kugombania vyote viwili. Alikubali kwa furaha, akawa anakuja kila mwezi, na baraza la pale limesimama vizuri, ingawa mama Marlène hukumbusha kwamba shauri la kwanza, la jogoo wa bwana Sosthène anayewika saa nane za usiku, lilikuwa gumu kwa sababu hakuna aliyekubali kumsemea jogoo. Njia ya kwenda huko inapita mbele ya nyumba ya Crispus, na siku moja mama Marlène alimwambia, "Papa Maate, kila mwezi unapita ku mulango ya ndugu yako sawa muzigo ya tranziti, ya kupita tu, haifunguliwe hapa." Marehemu aliwasimulia watoto wake maneno hayo akicheka, kisha akatoka nje.

Jumatano tarehe 2 Julai mwaka huu, akiwa mjini Bwera baada ya kikao, alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitalini papa hapa, upande wa kulia ukiwa hauna nguvu, na ulimi wake, ulioishi na lugha tano, ukakosa hata moja. Alisikia yote na kuelewa yote. Shallon, aliyekaa naye, ndiye aliyetuma habari kwa baba yake mdogo, bila kumwomba chochote.

Crispus alikuja. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akamtazama kaka yake kwa muda mrefu, kisha akaketi upande mmoja naye, kitandani, wote wawili wakitazama dirisha, kwa kuwa kumbe utaratibu wa Kambi ya Matofali alikuwa ameusikia kwa watu wa mpakani na kuushika. Akasema, "Mimi Nobert nilitaka shamba." Marehemu akatikisa kichwa kukataa. Wiki iliyofuata akarudi, akasema, "Mimi Nobert niko mutu wa serikali, niko na haraka, sikuweza kungoja mukulima." Marehemu akatikisa kichwa tena, na machozi yakamtoka. Crispus alitoka nje akamfuata mama Kellen kwenye jiko la hospitali, akamuuliza shemeji yake huyo, "Mulamu, niambie, mimi namukosea wapi?" na mama Kellen akamweleza jambo ambalo katika miaka ishirini na sita hakuna aliyefikiri kumweleza, kwamba siku zile mama akiwa mahututi, Nobert alikuwa akitoka kwenda kusimama kando ya barabara, akisimamisha kila lori lililotoka Mpondwe, akimtaja mdogo wake kwa jina na kwa kovu la kidevuni, na madereva wote walisema hawakumwona.

Mara ya tatu Crispus alisema hivi, na Shallon alikuwepo: "Mimi Nobert nilifikiri mudogo yangu amekufa. Nilizika mama nikijua nimebaki peke yangu. Akatokea muzima, nikapata furaha na haya siku moja, haya ikashinda, ikatoka kwa mudomo." Marehemu aliinua mkono wake wa kushoto, uliokuwa mzima, akauweka juu ya goti la ndugu yake, ukakaa hapo mpaka saa za kuwaona wagonjwa zilipokwisha.

Kutokea siku hiyo Crispus alimlisha uji kwa mkono wake, na hali ilionekana kupata nafuu, lakini mwezi huu alipatwa na kiharusi cha pili, na Jumapili tarehe 12 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, mzee Nobert Maate alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini, ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, ndugu mmoja, na mabaraza mawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa zaidi ya miezi mitatu, watumishi wenzake wa zamani wa mahakama waliokuja kutufasiria ishara zake alipokosa sauti, kanisa, majirani wa Kambi ya Matofali waliokesha na mama Kellen, mama Marlène na wenzake waliopika, na vijana waliochimba kaburi. Baraza la kambi litaketi kama kawaida Jumamosi ijayo, mama Lakica anaomba itangazwe hivyo.

Limebaki deni moja la utaratibu. Mzee Crispus, ulipotoka wodini siku ile ya tatu, ulimwambia Shallon, "Yake nimesema. Yangu basi ibaki, mwenye kuisema hana sauti." Mama Kellen aliposikia alisema haitabaki. Kwa hiyo leo, mwili wa kaka yako ukiwa hapa kati yetu, sisi familia yake tunalisema lako kwa kinywa chake, kama kanuni inavyotaka, na watu wote wa Bwera wasikie.

"Mimi Crispus niliishi na mama wakati kaka yangu yuko Kasese kwenye kazi ya heshima. Nilimpikia, nilimfulia, nilimbeba. Vita vilipokuja mama alikataa kuvuka, akaniambia niwapeleke watoto kwanza, kisha nirudi kumchukua. Nilirudi. Nilipitia porini, nikafika Bwera, nikakuta nyumba tupu, nikamfuata Kasese, nikakuta udongo, na mtu niliyemwachia nafasi kitandani akaniambia sikuwepo. Kahawa sikuipanda kwa kutaka shamba. Niliipanda ili kaka yangu akasirike, aje mwenyewe kunigombeza, tugombane mpaka tulie. Nilimngoja. Akaja mtu wa mahakama na barua."

Hayo ya kahawa hukutuambia, mzee Crispus, tumeyawaza wenyewe, na huenda tumekosea. Wewe peke yako ndiwe unayejua. Ukisema si hivyo, tutarudia, na tutarudia tena, mchungaji amekubali kusubiri, na hakuna koleo litakaloguswa kabla hujatujibu.

Nawe mzee Nobert, uliyewasema wengine kwa uaminifu miaka yote, sasa umesemwa, na la ndugu yako limesemwa kwa jina lako. Kazi iliyobaki si yako tena. Pumzika kwa amani.